Shule Humfunza Mtoto Zaidi ya Kusoma na Kuhesabu

Kusini mwa jiji la Kigali, katika wilaya ya Kicukiro, kuna kilima kinachoitwa Rebero. Juu ya kilima hicho ipo bustani ya kumbukumbu ambako wamezikwa zaidi ya watu 14,000 waliouawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Miongoni mwao wamo wanasiasa waliouawa kwa sababu walikataa siasa ya ubaguzi: Landoald Ndasingwa, aliyekuwa waziri wa kazi na ustawi wa jamii, Joseph Kavaruganda, aliyekuwa rais wa Mahakama ya Katiba, pamoja na wenzao. Kila mwaka tarehe 13 Aprili, juma la maombolezo linapofungwa, watu hukusanyika Rebero kuwakumbuka.

Huenda unajiuliza: jarida la afya lina uhusiano gani na makaburi ya Rebero? Uhusiano upo, nao unaanzia shuleni.

Viongozi waliozikwa Rebero na wale waliopanga kifo chao walikalia madawati ya shule, wakasoma, wakafaulu mitihani. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha iliwatia hatiani, pamoja na wengine wengi, profesa wa historia na daktari wa hospitali. Watu hawa hawakukosa elimu ya vitabu. Walichokosa hakiandikwi katika ripoti ya mwisho wa muhula. Ni utu.

Kwa hiyo mzazi anayesema, "Mwanangu yuko shuleni, kazi yangu imekwisha," hajamaliza kazi. Shule inaweza kumfunza mtoto kusoma na kuhesabu, na bado ikamwachia moyo wenye hofu au chuki. Pia inaweza kumpa vyote viwili, elimu na utu. Tofauti huletwa na mambo madogo ya kila siku: mtoto anaitwaje, anakaa wapi, anaadhibiwaje, na anasikia nini nyumbani. Katika makala hii tutayaangalia mambo hayo, na kuona wewe unayeishi kambini unaweza kufanya nini.

DARASA LILILOGAWA WATOTO

Kuanzia miaka ya 1930, utawala wa Kibelgiji nchini Rwanda uliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake. Baada ya uhuru mwaka 1962 mtindo huo uliendelea, ukaingia hata darasani. Mwalimu alichukua orodha, akawataka wanafunzi wasimame kwa makundi: Wahutu wasimame, Watutsi wasimame, Watwa wasimame. Watu wengi waliokuwa watoto wakati ule wameeleza kwamba hawakujua kabila lao mpaka siku hiyo. Wengine walitumwa nyumbani kwenda kuuliza.

Hali kadhalika, nafasi za shule za sekondari ziligawanywa kwa kufuata kabila na mkoa. Mtoto aliyepata alama nzuri aliweza kuachwa nyumbani, na mwenye alama za chini akachukuliwa. Fikiria somo ambalo mtoto alilipata hapo. Hakuna aliyeliandika ubaoni, lakini kila mmoja alilielewa: thamani yako haitokani na bidii yako wala tabia yako, bali inatokana na ulikozaliwa.

Aliyejaribu kuuvunja utaratibu huo alikuwa mwalimu. Agathe Uwilingiyimana alifundisha sayansi katika shule ya sekondari kabla ya kuingia katika siasa. Mwaka 1992 akawa waziri wa elimu, akaagiza wanafunzi wachaguliwe kwa alama zao. Mwaka 1993 akawa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini Rwanda. Aliuawa tarehe 7 Aprili 1994, naye amezikwa katika makaburi ya mashujaa huko Remera, Kigali.

Leo vitambulisho vya Rwanda haviandikwi kabila. Mtaala wa shule ulioanza kutumika mwaka 2016 una elimu ya amani na maadili, ambayo walimu wanatakiwa kuipitisha ndani ya masomo yote. Hata hivyo, ndugu msomaji, mtaala hauwezi kuingia peke yake katika kila darasa na kila nyumba. Wapo watoto ambao bado husimamishwa kwa namna nyingine. "Wakimbizi simameni tuwahesabu." "Ninyi wa kambini kaeni kule." "Huyu Mrundi." "Huyu Mkongomani." Pengine anayesema hana nia mbaya. Anataka tu kujua idadi ya sare au madaftari yatakayogawiwa. Lakini mtoto anayesimama mbele ya wenzake hajui nia hiyo. Anachosikia ni kwamba yeye ni wa kando.

Kama orodha inahitajika, inaweza kutengenezwa ofisini kwa kutumia daftari la shule, kimya kimya. Darasani, kila mtoto aitwe kwa jina lake.

WALE WA NYANGE

Upo mfano mwingine ambao kila mzazi angefaa kuujua. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, washambuliaji wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda. Wanafunzi wa madarasa ya juu walikuwa wakijisomea. Waliamriwa wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande wa pili. Walikataa. Walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Washambuliaji wakawashambulia wote bila kuchagua. Baadhi ya vijana hao waliuawa, wengine walijeruhiwa. Rwanda inawahesabu wanafunzi wa Nyange, waliokufa na waliopona, kuwa miongoni mwa mashujaa wa taifa.

Hatuombi kamwe mtoto wako ajikute mahali kama pale. Tunachotaka ulione ni hili: wakati wale vijana waliposikia amri ile, hapakuwa na muda wa kwenda kuuliza mwalimu jibu sahihi. Walijibu kwa kile kilichokuwa tayari ndani yao. Moyo wa namna hiyo haujengwi kwa hotuba ya siku moja. Hujengwa kwa miaka, kwa kukaa dawati moja, kugawana kalamu, kusaidiana hesabu, kuuguzana, na kuwa na wakubwa wasiowapa sababu ya kuchukiana.

Mtoto wako naye anapewa amri kama ile kila siku, ila ni ndogo. Wenzake wanamwambia asicheze na fulani kwa sababu ana kigugumizi. Wanamwambia amcheke fulani kwa sababu kaptula yake imechanika. Hapo ndipo anapofanya mazoezi ya utu.

MWENYE HOFU HAJIFUNZI

Sasa tuje kwenye afya. Mtoto akiogopa, mwili wake hujiandaa kukimbia au kupigana. Moyo hupiga haraka, misuli hukaza, tumbo huvurugika, na akili hutafuta hatari ilipo. Hali hiyo ni ya msaada pale panapokuwa na hatari ya kweli. Lakini ikidumu wiki hata miezi, mtoto hachoki mwili tu. Anashindwa kukumbuka alichofundishwa jana. Anakodolea ubao macho wala haoni maana. Ukimuuliza anasema, "Sijui."

Watu waliopita katika vita na kukimbia makwao hubeba mzigo huu kuliko wengine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba, katika maeneo yaliyoathiriwa na vita, takriban mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, kuanzia lile jepesi hadi lile zito. Shirika hilo pia linaeleza kwamba nusu ya matatizo ya akili huanza kabla ya mtu kufikia umri wa miaka 14 au hapo karibu. Huo ni umri wa kuwa shuleni. Ndiyo sababu shule na kituo cha afya vinapaswa kushikana mikono.

Usikate tamaa unaposoma takwimu hizi. Watoto wengi waliopata misukosuko hupata nafuu wakipewa mambo manne: mahali salama, ratiba inayotabirika, mtu mzima anayewasikiliza, na marafiki wa kucheza nao. Shule nzuri inaweza kutoa yote manne. Kwa mtoto wa kambini, kengele ya asubuhi, mstari, wimbo, na mwalimu yule yule kila siku ni dawa, ingawa haiuzwi dukani.

DALILI ZA KUANGALIA

Mtoto hatakuja kukuambia, "Mama, nina msongo wa mawazo." Atakuonyesha kwa njia nyingine. Angalia kama:

1. Ameanza tena kukojoa kitandani ilhali alishaacha.
2. Analalamika mara kwa mara kuumwa kichwa au tumbo, hasa asubuhi ya siku za shule.
3. Analala vibaya, anashtuka usiku, anapiga kelele ndotoni.
4. Amekuwa mkali ghafla, anapiga wadogo zake, anavunja vitu.
5. Amekuwa kimya mno, hachezi, anajitenga na wenzake.
6. Anatoroka shule, au anarudi bila vitu vyake na hataki kueleza.
7. Anasema maneno kama "afadhali nife" au "mimi sina faida".

Ukiona dalili moja kwa siku mbili tatu, mkalie karibu, umsikilize. Zikiwa kadhaa na zikidumu zaidi ya wiki mbili, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii au umpeleke kituo cha afya. Dalili ya saba haisubiri. Usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kama unashuku amefanyiwa ukatili wa kijinsia: nenda kituo cha afya haraka, ndani ya saa 72, kwa sababu zipo dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI ambazo hazifanyi kazi baada ya muda huo kupita. Nchini Rwanda huduma za Isange, zilizoanza Kigali mwaka 2009 na kuenea katika hospitali za wilaya, humpokea aliyefanyiwa ukatili na kumpa matibabu, ushauri na msaada wa kisheria mahali pamoja, bila malipo.

Unapozungumza na mtoto, fuata hatua tatu ambazo wahudumu wetu hufundishwa: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama hali yake na usalama wake. Sikiliza bila kumkatiza, bila kumlazimisha kusimulia asichotaka. Muunganishe na msaada anaouhitaji. Usimwambie, "Nyamaza, wewe ni mwanaume." Usimwambie, "Mbona wenzako wamesahau?" Neno moja linatosha kuanzia: "Niko hapa, nakusikia."

KABLA YA KUMWITA MVIVU

Wazazi na walimu huwahi kusema, "Huyu mtoto ni mvivu," au "Huyu ni mzito wa kichwa." Kabla ya kutamka hivyo, hakikisha umeuliza maswali haya:

Je, amekula? Mtoto mwenye njaa husinzia saa nne. Nchini Rwanda mpango wa chakula shuleni ulipanuliwa mwaka 2021 ukafika hadi chekechea na shule za msingi. Uliza shuleni kwako mpango unaendeshwaje na mchango wa mzazi ni nini. Asubuhi, hata uji kidogo husaidia.

Je, amelala? Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kila usiku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Tunajua nyumba za kambini ni ndogo na kelele ni nyingi. Hata hivyo redio na simu zinaweza kuzimwa mapema, na kuchota maji kunaweza kupangwa kusiwe saa kumi alfajiri kwa mtoto yule yule kila siku.

Je, anaona na anasikia? Mtoto asiyeona ubao vizuri hunakili makosa, au huacha kunakili. Mwenye usaha sikioni hasikii maswali. Mwambie mwalimu amketishe mbele, kisha umlete kituo cha afya akapimwe.

Je, ana minyoo, malaria au upungufu wa damu? Minyoo hunyonya nguvu na kumfanya mtoto mlegevu. Usimfiche mtoto siku ya kugawa dawa za minyoo shuleni. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, na alale ndani ya chandarua.

Je, ni msichana aliyeanza hedhi? Wasichana wengi hukosa shule siku hizo kwa sababu ya kukosa pedi, kukosa choo chenye mlango, au kuogopa kuchekwa. Mama, mweleze binti yako mapema, kabla siku haijafika. Baba, usione aibu kununua pedi au kitambaa safi. Na wavulana wafundishwe kwamba hedhi si jambo la kuchekesha.

Je, anaelewa lugha? Hili ni kubwa katika kambi zetu. Mtoto aliyeanza shule Bujumbura au Bukavu alizoea Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Akifika Rwanda anakuta Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia na Kinyarwanda ndicho lugha ya uwanja wa michezo. Mwalimu akiuliza swali, mtoto huyu lazima kwanza alitafsiri, atafute jibu, kisha alitafsiri jibu. Wenzake wameshanyoosha mikono. Si mjinga, anafanya kazi mara tatu. Mpe muda, na usimkataze kuongea lugha ya nyumbani kwa kudhani itamchelewesha. Mtoto anayejua kueleza mambo vizuri kwa lugha yake hujifunza lugha nyingine kwa urahisi zaidi. Kiswahili nacho kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, kwa hiyo hana sababu ya kukionea haya.

FIMBO NA MATUSI

Wengi wetu tulikua kwa fimbo. Tunasema, "Mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu?" Ni kweli tumekua. Lakini jiulize, ulipochapwa kwa kukosea hesabu, ulijifunza hesabu au ulijifunza kumwogopa mwalimu wa hesabu? Mtoto anayechapwa hujifunza mambo mawili haraka: kuficha kosa, na kwamba mwenye nguvu ana haki ya kumpiga mnyonge. Jioni atalifanya somo hilo kwa mdogo wake.

Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 kuhusu ulinzi wa mtoto inakataza kumpa mtoto adhabu kali na zinazomdhalilisha. Matusi nayo huumiza. Kumwita mtoto "punda" mbele ya darasa zima hakumwachi alama mwilini, lakini anaweza kuibeba alama hiyo mpaka uzeeni.

Je, tumwache mtoto afanye apendavyo? La hasha. Mtoto bila mipaka naye hana amani. Adhabu njema ina sifa tatu. Kwanza, inahusiana na kosa: aliyechana daftari la mwenzake alinakili upya kurasa zilizopotea, aliyechafua darasa alisafishe. Pili, inajulikana mapema, haitegemei hasira ya mkubwa siku hiyo. Tatu, ikiisha imeisha, hakuna kumkumbusha kosa la mwezi uliopita. Na mtoto akifanya vizuri, aambiwe. Kusema "Nimeona umemsaidia jirani kubeba maji, umefanya vizuri" hakugharimu hata faranga moja.

MANENO YA NYUMBANI

Wahenga walisema, umleavyo ndivyo akuavyo. Mwalimu ana mtoto kwa saa chache na ana watoto wengine wengi wa kuangalia. Wewe ndiye unayekaa naye jioni. Anachosikia nyumbani ndicho atakachokipeleka shuleni kesho.

Tuchunguze maneno yetu. Ipo methali isemayo, mtoto wa nyoka ni nyoka. Wengi huitumia bila kufikiri. Lakini tazama maana yake inapotumiwa juu ya watu: kwamba mtoto mchanga ana hatia ya baba yake, na atakuwa na sumu hata kabla hajaota meno. Fikra kama hiyo ndiyo iliyofanya watoto wauawe pamoja na wazazi wao mwaka 1994. Methali hii haifai kutamkwa mbele ya watoto kuhusu jirani yeyote, awe wa kabila lipi, awe wa nchi ipi, awe mwenyeji au mkimbizi. Zipo nyingine za kuwapa watoto: samaki mkunje angali mbichi, heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali.

Watu wa kambi wamepoteza mengi, na wengine wana uchungu wenye sababu. Hatusemi usahau. Mtoto akikuuliza kwa nini mlikimbia, mwambie ukweli kwa kiasi cha umri wake. Mwambie waliofanya mabaya walifanya mabaya. Usimwambie kwamba watu wote wa kundi fulani ni wabaya, kwa sababu huo si ukweli, na kesho anakaa dawati moja na mtoto wa kundi hilo. Rebero inatukumbusha kwamba wapo waliokataa ubaguzi ingawa walijua hatari yake. Visa vya watu kama hao navyo visimuliwe nyumbani. Kama wewe uliwahi kuokolewa au kufichwa na mtu wa upande mwingine, mwanao anastahili kukijua kisa hicho.

MWALIMU SI ADUI YAKO

Madarasa mengi yanayopokea watoto wa kambi yamejaa. Shule za Paysannat karibu na kambi ya Mahama, wilaya ya Kirehe, zilipokea maelfu ya watoto wa wakimbizi waliojiunga na watoto wa wenyeji baada ya kambi kufunguliwa mwaka 2015. Mwalimu mwenye watoto wengi hivyo hawezi kumjua kila mmoja bila msaada wa mzazi.

Usisubiri kuitwa kwa kosa. Nenda shuleni angalau mara moja kila muhula, ujitambulishe, umwambie mwalimu jambo moja analopaswa kujua: "Mwanangu anaogopa kelele za ghafla," au "Huyu alifiwa na mama yake mwaka jana." Hudhuria mkutano wa kamati ya wazazi na mkutano wa jioni wa familia katika kijiji chako. Kama mwalimu amekosea, mkalie faraghani kwanza, kisha mkuu wa shule. Kumtukana mwalimu mbele ya mtoto ni kumnyima mtoto mwalimu.

Nawe mwalimu unayesoma ukurasa huu, tunajua nawe umechoka, na pengine nawe ni mkimbizi. Afya yako ya akili ni sehemu ya afya ya darasa. Ukijiona unakasirika kila siku bila sababu au hulali, milango ya kituo cha afya iko wazi kwako pia.

KWAKO MWANAFUNZI

Kijana, wewe nawe una kazi. Ukiona mwenzako anachekwa, usijiunge. Kaa karibu naye wakati wa mapumziko, inatosha. Ukionewa, mwambie mtu mzima unayemwamini, na asipokusikia mwambie wa pili. Kusema si uoga. Ukikosea, kubali kosa lako mapema. Na ukiwa unajua somo ambalo mwenzako halijui, mfundishe. Utaona kwamba aliyefundisha ndiye anayelikumbuka zaidi siku ya mtihani.

MAMBO SABA YA KUFANYA JUMA HILI

1. Muulize mtoto maswali mawili kila jioni: "Leo umejifunza nini?" na "Leo ulicheza na nani?" Jibu la swali la pili litakuambia mengi.
2. Hakikisha analala mapema siku tano za shule.
3. Mpongeze kwa jambo moja alilofanya, si kwa alama tu.
4. Acha neno moja la dharau ulilozoea kulitumia juu ya kundi fulani la watu.
5. Mwalike mtoto wa jirani ambaye si wa kundi lenu acheze au asome na wako.
6. Nenda ukamsalimie mwalimu wake.
7. Kama umeona dalili tulizotaja, usingoje. Zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako.

Ndugu msomaji, hatujui watoto wetu watarudi makwao, watabaki hapa, au watahamishiwa nchi ya mbali. Nyumba ya kambini haihamishiki, na hata vyeti huweza kupotea njiani. Mtoto mwenye afya, anayejua kujifunza, na anayemwona mwenzake kuwa mtu kamili, huenda na mali yake popote aendapo. Mali hiyo tuanze kumwekea sasa, shuleni na nyumbani.